Bandari waliyoitamani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari imechelewa najua, mama mmoja hapa kanitumia meseji juzi kuniuliza kama naumwa, siumwi mama, asante, tulikuwa safarini mimi na baba watoto, wiki moja Krete kule Ugiriki, watoto tukawaacha kwa shangazi yao. Mwanzo wa mwezi wa kumi tiketi zinashuka bei na jua bado lipo, basi tukasema twende.

Watu wanaenda Krete kuota jua. Mimi nilikuwa na sehemu moja tu kichwani tangu tulipobuku, Matendo ya Mitume 27 mstari wa 12. Fungueni Biblia zenu muione. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma kwa Kaisari, wako kwenye merikebu ya Aleksandria iliyobeba ngano, upepo umewasumbua mpaka wakajibanza sehemu inaitwa Bandari Nzuri, kusini mwa Krete. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema siku za saumu zilikuwa zimeshapita, yaani ile Siku ya Upatanisho ya Wayahudi ambayo huwa mwezi wa tisa au wa kumi, na baada ya hapo bahari ile ilikuwa si ya kuichezea mpaka winta iishe. Kwa hiyo ni majira haya haya tuliyokwenda sisi. Paulo akawaambia jamani tusitoke hapa. Nahodha na mwenye merikebu wakaona hapafai kukaa winta nzima, wengi wakaunga mkono, wakasema tujaribu kufika Foinike, bandari nyingine ya Krete hiyo hiyo, tukapitishe baridi kule.

Hawakufika. Ndio maana hakuna anayehubiri Foinike. Tunahubiri tufani, tunahubiri malaika, tunahubiri Malta, kisiwa merikebu ilikovunjikia, na yule nyoka aliyemng'ang'ania Paulo mkononi, ila Foinike inatajwa mara moja tu na kupotea. Mimi nilitaka kuiona hiyo sehemu ambayo watu 276 waliitaka na hakuna hata mmoja aliyeifikia kwa merikebu ile.

Siku hizi pale panaitwa Loutro, kijiji kidogo sana, nyumba nyeupe zenye madirisha ya bluu zimejipanga kwenye ghuba kama ukucha wa mwezi, na barabara haifiki. Wataalamu wamebishana weee kama bandari ya Paulo ni ghuba hii ya Loutro au ile ya upande wa pili wa rasi, ambayo mpaka leo inaitwa Foinikas, lakini kutoka moja kwenda nyingine unapanda kilima kidogo na kushuka tu, sikutaka ugomvi huo unipotezee siku. Kufika kwake ni kwa boti kutoka mji mdogo unaitwa Chora Sfakion au kwa miguu. Baba watoto akasema boti. Kwao ni Pangani, kwake mtu mwenye akili akiona bahari anatafuta chombo. Mimi nikasema miguu, tukabishana kituo cha basi mpaka mzee mmoja wa Kigiriki akaanza kucheka bila hata kujua tunasema nini, mwisho tukakubaliana kwenda kwa miguu na kurudi kwa boti.

Jamani ile njia. Kushoto bahari, kulia mwamba umesimama kama ukuta, juu yake Milima Myeupe ambayo kilele chake kinapita mita 2,400, na njia yenyewe sehemu nyingine imechongwa kwenye jabali, upana wa mtu mmoja na mbuzi. Nilivaa raba za kwendea kazini. Usifanye hivyo. Tulikuwa tunapishana na vijana wa Kijerumani wenye viatu vya milimani na fimbo mbili mbili wanatusalimia kwa heshima kama vile tunaenda kuzikana.

Katikati ya safari unashuka ufukweni, panaitwa Glyka Nera, maana yake maji matamu. Hapa nilisimama muda mrefu. Ni ufuko wa kokoto chini ya majabali, unafikika kwa ile njia au kwa kiboti, na ukichimba kokoto kwa mikono, hatua chache tu kutoka mawimbi yanapopigia, yanapanda maji baridi ya kunywa. Si utani. Maji ya milimani yanapita chini ya mwamba yanatokea pale, hata ukiogelea unasikia baharini kwenyewe sehemu moja vuguvugu sehemu nyingine baridi ya kukata miguu, ndio chemchemi inatokea chini. Kuna watu walikuwa wanaogelea vile Adamu alivyokuwa kabla ya tunda, mimi nikaangalia kokoto zangu, nikachimba, nikanywa. Nikataka nianze na Yakobo 3, pale anapouliza kama chemchemi moja inaweza kutoa maji matamu na machungu, baba watoto akaniambia acha kwanza mahubiri jaza chupa.

Tulifika Loutro saa nane mchana, miguu imekufa. Na hapo ndipo nilipopata cha kuwaandikia, maana nilikuwa nimejiandaa kukuta sehemu ya hovyo. Miaka yote nimesikia tafsiri moja ya hii sura, kwamba wale watu walikataa sauti ya Mungu wakafuata tamaa, upepo wa kusi ukawadanganya, tufani ikawafundisha adabu. Kwa hiyo kichwani mwangu Foinike ilikuwa kama Sodoma hivi, mji wa wasiosikia. Nikaketi pale mgahawani, miguu ndani ya maji, na maji yametulia kama ya kwenye beseni. Rasi inazuia upande mmoja, mlima unakinga mgongo, kisiwa kidogo mbele. Baba watoto alizunguka ghuba nzima kwa macho kama fundi anayekagua nyumba ya mwenzake, akasema hii ni bandari. Akanyamaza, akasema tena, hawa jamaa hawakuwa wajinga, hata mimi ningepigia kura hapa.

Akanieleza na upepo. Kusi laini pwani ile, anasema, ndio wenyewe, chombo kinakwenda magharibi kando ya nchi bila taabu, na kutoka Bandari Nzuri mpaka Loutro ni kama kilomita 70 na kitu, siku moja ya upepo mzuri ungekuwa umeshafunga kamba. Ila mlima ule, akanyoosha kidole, upepo ukigeuka ukatokea kule juu haukubembelezi, unaanguka. Ndicho kilichowapata, mstari wa 14, Eurakilo, upepo wa kaskazini-mashariki unateremka kutoka kisiwani, wakaachia merikebu ichukuliwe. Walikuwa wameng'oa nanga wakidhani wamepata walichokusudia. Hilo neno la Luka ndilo linaniuma kila nikilisoma, wakidhani.

Sasa niwaambie kwa nini linaniuma, wengine mnajua, wengine ni wapya humu. Sisi tulikuwa na Foinike yetu, kiwanja Tanga. Tulikuja huku ughaibuni kwa hesabu ya miaka michache, mimi nauguza wazee, baba watoto anaendesha basi, tunaweka akiba, tunarudi, tunajenga, chini duka la dawa juu tunakaa wenyewe. Ramani ilichorwa. Tofali zilishafyatuliwa. Halafu ikaja kujulikana kile kiwanja kimeuzwa kwa watu wawili, sisi ni wa pili, na kesi inazunguka mpaka leo. Na pale sebuleni kwetu kuna ule mstari niliouandika kwa mkono nikauwekea fremu mwaka tulioanza kulipa, Zaburi 107:30, kwamba Mungu huwaleta mpaka bandari waliyoitamani. Wageni wanausifia. Mimi naupita nikienda jikoni.

Kwa miaka nimekuwa naomba toba kwa ajili ya kile kiwanja. Kweli, nimefunga. Nilisema labda tulitaka ukubwa, labda tulikosa kumuuliza Bwana vizuri, labda kuna Paulo alituonya hatukumsikia. Kuna na mtumishi aliniambia waziwazi kwamba Mungu hafungi mlango uliokuwa wake. Nimeibeba sentensi hiyo kama jiwe ndani ya raba. Pale Loutro, nikiangalia yale maji, nikajiuliza, ni wapi Luka aliposema walikosea kutaka bandari? Walikosea muda, Paulo aliwaambia msitoke sasa, na baadaye akawakumbusha kwamba mngenisikia, hilo limo. Lakini kutaka sehemu salama ya kupitisha winta, watu 276 na ngano ya watu, hilo halikukemewa na yeyote. Bandari ilikuwa nzuri kweli. Ipo. Nimeikalia. Watu wanakula samaki pale.

Wahubiri hapa ndipo wanapokimbilia Malta, nami nisingewalaumu, maana mwisho wake wote walitoka salama, wengine kwa kuogelea wengine juu ya mbao, wakakaa miezi mitatu kisiwani kwa ukarimu, na baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, akaponywa homa na kuhara damu. Yaani winta waliipitisha, sehemu ambayo haikupigiwa kura na mtu. Ni kweli yote. Lakini kutoka Krete mpaka Malta kuna usiku kumi na nne, na Luka aliyekuwemo anasema tumaini lote la kuokoka likatuondokea, anasema tu-, hakujitoa. Mtu aliye usiku wa tisa usimwambie habari za Malta. Nimeambiwa Malta sana, sitaki kuwaambia nyinyi.

Nawaambia Kauda badala yake. Mstari wa 16 na 17, tunaurukaga. Ukikaa Loutro jioni hali ya hewa ikiwa safi, baharini kule kusini unakiona kisiwa kimelala chini kama mgongo wa nyangumi, ndicho hicho, leo kinaitwa Gavdos. Tufani ilipowakamata walipita upande wake unaokingwa na upepo. Hawakutia nanga, hawakushuka, walipata tu muda kidogo wa upepo kupungua nguvu. Katika muda huo wakaivuta ile mashua ndogo ndani kwa shida, wakaizungushia merikebu kamba tumboni isipasuke, wakashusha vyombo, kisha wakarudi kwenye tufani. Malaika alikuwa bado hajaja. Ahadi bado. Kisiwa tu, na kamba.

Niliusoma kwa sauti pale mezani, kwa Kiswahili, wale Wajerumani wa meza ya pili wakageuka. Baba watoto hakusema kitu kwanza, alikuwa anaangalia kile kisiwa kinavyopotea kwenye giza. Boti yetu ya kurudi ilikuwa imeshaondoka kitambo, tuliiacha wenyewe kwa maongezi, tukachukua chumba cha bei ambayo sitaitaja humu.

Zaburi 107 sijaiondoa ukutani. Sijui niieleweje kwa Foinike, nimejaribu kuisoma kuanzia mstari wa 23 njia nzima kwenye ndege na bado inasema bandari waliyoitamani, haisemi nyingine. Mwenye mwanga zaidi aniandikie inboksi. Mimi toba ya kiwanja nimeacha, kesi naendelea kuiombea kama kawaida, mchungaji naye anajua.

Wiki hii naomba tusome Matendo 27 yote, polepole, na ukifika mstari wa 16 usimame hapo siku mbili. Tumkumbuke pia dada yetu anayesubiri majibu ya viza Alhamisi.

Ila nisisahau. Tulipokuwa tunanyanyuka mezani baba watoto aliniuliza, hivi ile kazi ya basi nilipoianza nilikuambiaje? Nikamwambia ulisema ni ya kupitisha winta moja tu. Akaanza kuzihesabu kwa vidole, mkono wa kwanza ukajaa, akaingia wa pili, akafika tisa, akabaki ameshika kile kidole cha mwisho huku mhudumu amesimama na bili.