Kigali nilienda kwa maili za kazi iliyoisha, nikarudi kwa barabara na treni

Mke wangu ndo aliyeuliza swali la kwanza, na lilikua la haki kabisa. Safari ya nini wakati kazi huna? Ilikua Julai 2025, miezi mitano tangu mradi wetu wa afya usimame, mimi nipo mezani na laptop natuma sivii, na rafiki yangu wa Kigali ameshaleta mwaliko wa gusaba, ile siku upande wa bwana harusi unaenda rasmi kumuomba binti kwao. Huyu ni mtu aliyenikalia hospitali siku tatu nilipoumwa malaria nikiwa kazini kwao mwaka 2022, akawa analala kwenye kiti. Kutokwenda ningeweza ila ingeniuma miaka.

Basi nikachukua daftari tukakaa wote wawili. Hela iliyokua inaingia ndani ni moja tu, fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, na hili niliseme kwa nguvu maana watu wengi wamepunguzwa kazi na hawalijui: kama umechangia miezi isiyopungua 18 na kazi hukuacha mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi sita. Sio nyingi lakini ndo ilitulipia kodi ya nyumba na ada za watoto. Nikamwambia mama watoto hii siigusi hata mia. Safari itatoka kwenye maili, zile pointi shirika la ndege linakupa kila ukisafiri nao, na kwenye ile akiba ndogo ya posho za zamani, ikipita laki tano naahirisha.

Maili nilikua nazo. Miaka sita nimeruka Nairobi, Kigali, Lusaka, Lilongwe, Maputo, mara mojamoja Amsterdam na KLM, zote tiketi za ofisi, kadi yangu ya Flying Blue, ile ya wasafiri wa KLM na Air France, ikapanda mpaka ngazi ya Gold. Ukiwa Gold maili hazifi. Shida ngazi yangu ilikua inakata mwisho wa Septemba na sina safari ya kuirudisha, na ukishashuka chini unaanza kuhesabiwa miezi 24, usipopanda ndege yao au ya mashirika washirika wao zinafutwa. Zile maili ni usiku niliolala viwanjani, ni birthday za wanangu ambazo sikuwepo. Niliziona kama mshahara ambao haujalipwa, sikua tayari ziyeyuke hivihivi.

Kwa asiyejua, maili hazikupi tiketi ya bure. Zinalipa nauli, kodi na tozo za viwanja unatoa mwenyewe, na pale Dar ada ya huduma ya abiria wa safari ya nje peke yake ni dola 40. Kwenda tu, Dar Nairobi Kigali, ilinila maili 14,000 na dola 90 na kidogo. Nilipojaribu kuweka na kurudi hiyo hela ya pembeni ikakaribia mara mbili, nikaishia hapohapo. Nikaamua kwenda kwa ndege na kurudi kwa barabara. Mke wangu akaangalia daftari muda mrefu afu akasema, sawa baba Neema, ila usiende na begi tupu. Kesho yake akanipeleka Kariakoo tukanunua korosho za Mtwara zilizokaangwa, kilo kumi na mbili, akazifunga mwenyewe kwenye bahasha za karatasi za nusu kilo kwasababu Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008 na mpakani au uwanjani wanaweza kukunyang'anya.

Uwanjani nilienda na daladala ya Gongo la Mboto, nikamalizia na bodaboda mpaka Terminal 3. Miaka yote nilikua naletwa na gari la ofisi, sijawahi kujua hata kituo kiko wapi.

Nairobi nilikua na masaa matano ya kusubiri ndege ya Kigali. Gold inakuingiza launji, ule ukumbi wa kupumzikia wenye chakula, hata kama umepanda daraja la kawaida, wewe na mgeni mmoja, na nilikua nimepanga chakula cha mchana na cha jioni vyote nile humo. Mlangoni nikakuta mama wa makamo, kitenge cha njano, anauliza bei ya kuingia, anaambiwa, anasogea pembeni kimya. Nikamwambia mama karibu, kadi yangu ina nafasi ya mgeni. Akaniangalia kwanza, afu akasema, "Aksanti papa, Mungu akubariki." Kwa lafudhi tu nikajua ni mtu wa Kivu. Ni wa Bukavu, anashukia Kigali afu anachukua basi la kukata msitu wa Nyungwe mpaka Kamembe na kuvuka mto kwa mguu kuingia kwao.

Tukaanza kula, na kwenye meza ya jirani kuna bwana mmoja wa Nakuru, injinia wa maji, akasikia Kiswahili akageuza kiti. Haikuchukua dakika kumi tukagundua wote watatu tulipoteza kazi ndani ya miezi miwili hiyohiyo ya mwanzo wa 2025. Mama alikua upande wa lishe ya watoto, injinia visima, mimi takwimu. Sijui nielezeje ile hali. Miezi mitano nilikua sijaongelea hela na mtu yeyote zaidi ya mke wangu, ukiwa huna kazi watu wanakuuliza "vipi mambo" kwa sauti ya chini kama kuna msiba, na wewe unajibu "tunapambana" mnaachana. Pale kila mtu alimwaga hesabu zake mezani bila aibu.

Injinia alikua na hofu moja kubwa, kadi yake. "Hii Gold yangu inaisha Desemba. Nimepiga hesabu, nikifanya safari mbili tatu ndefu nitaipata tena. Nikipata kazi nyingine nitakuwa bado niko nayo." Nikamuuliza hizo safari zinalipwa na nini. Akanyamaza kidogo, akasema ana mkopo wa simu, na sacco wamemkubalia. Hapo nilimpinga wazi wazi na bado nampinga. Kadi ilikuja kwasababu kulikua na kazi, huwezi kuiita kazi irudi kwa kuishika kadi. Sacco ni ya shamba, ya ada, ya mzazi akilazwa. Launji ukiikosa utakaa kwenye viti vya geti na chapati yako ya nyumbani, utafika saa ileile na mwenye Gold. Akasema, "Boss, wewe unaongea hivyo ukiwa ndani ya launji." Ni kweli, nilikua ndani, na nikamwambia ni mara yangu ya mwisho na nimeshakubali.

Mama wa Bukavu alikua anatusikiliza anakunywa chai. Afu akaniuliza, "Papa, weye uko nabeba nini mu valizi?" Nikasema korosho. Akafurahi kweli, akataka kuiona, akaonja, akanipangia bei palepale: usiuze kwa kilo, uza bahasha moja moja, tena usiuze siku ya sherehe, uza kesho yake watu wakiwa wametulia. Yeye tangu kazi iishe kila mwezi anazunguka Dar na Nairobi, analeta vitenge na nguo za watoto. "Safari lazima irudishe franga yake. Biashara njo inanilipia tiketi, siyo mimi." Na kwake kuna sababu nyingine, benki za Bukavu zilikua zimefungwa tangu Februari vita ilipofika mjini, kwahiyo akiba yake yote ipo kwenye mzigo unaotembea. Alivyosema hivyo injinia akaacha kuongelea kadi. Akatoa simu, akamuuliza mama vitenge anavichukua duka gani Nairobi, wakaanza kuhesabu pamoja, mimi nikaenda kuchukua wali mwingine.

Tulipofika Kigali mama tuliagana kwenye mikanda ya mizigo. Nikarudisha saa nyuma saa moja, nikachukua moto, pikipiki zao zenye helmeti ya abiria, mpaka Remera kwa rafiki yangu. Nililala kwenye kochi lao na ndani kulikua na binamu zake saba.

Gusaba yenyewe ilikua nzuri sana. Wazee wa pande mbili wamekaa wanatazamana, wanarushiana maneno kwa Kinyarwanda, wa upande wa binti wanajifanya hawajui wageni wamefuata nini, wa kwetu wanajibu kwa mafumbo, watu wanacheka, ng'ombe wanasifiwa mmoja mmoja, kinamama kwenye imishanana, vazi lao la sherehe, maziwa yanapita na urwagwa, pombe ya ndizi, inapita. Nilikua nimekaa mstari wa pili upande wa bwana harusi, nimepewa fimbo kama ndugu. Rafiki yangu aliponiona alinikumbatia akashindwa kuongea. Korosho niliuza kesho yake jioni kama nilivyofundishwa, bahasha ishirini na moja zikaisha kwa ndugu na majirani, tatu nikawaachia mabibi.

Jumatatu alfajiri nikawa Nyabugogo, stendi kubwa ya Kigali, nikapanda kosta ya Rusumo. Nimefika Rwanda kikazi labda mara kumi na mbili na sikuwahi kuiona nchi yenyewe zaidi ya barabara ya uwanja wa ndege na hoteli. Kayonza, Kibungo, migomba imepangwa kwenye vilima kama imechorwa, watoto wa shule wanatembea kwa mistari. Saa tatu na kitu upo mpakani.

Rusumo ni kituo cha pamoja, daraja na majengo mapya yalizinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016, unagongewa kutoka na kuingia jengo hilohilo. Chini yako Kagera inaporomoka. Pembeni yangu alikaa mzee wa Ngara, tukiwa tunavuka akavua kofia akaishika mapajani. Akasema mwisho wa Aprili 1994 alisimama upande wetu, wakimbizi wa Rwanda wanavuka, wanavuka, usiku kucha. Robo milioni kwa siku moja, hiyo ipo kwenye kumbukumbu. Sikua na cha kumjibu, nikakaa naye kimya mpaka gari likahamia kushoto, maana Rwanda wanaendesha kulia na sisi kushoto.

Afisa wa upande wetu, dada mdogo tu, alipekua pasipoti yangu iliyojaa mihuri. "Kaka unasafiri sana, unafanya kazi gani?" Miezi yote ile nilikua natumia maneno, konsalti, nipo na vitu vyangu. Nikamjibu kwa sasa sina kazi dada, mradi uliisha, natafuta. Akasema pole, Mungu atafungua, akagonga muhuri. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia.

Kutoka hapo ni mchomoko, zile gari ndogo za abiria, tumebanana, mpaka Benako kwenye malori, afu gari lingine mpaka Kahama, vumbi na usingizi. Kahama nikalala gesti ya kawaida, maji ya ndoo, shuka safi. Saa kumi na moja alfajiri basi la kuelekea Dodoma likaondoka, Nzega, Igunga, Singida wanauza kuku na mafuta ya alizeti barabarani, nikanunua lita tano za nyumbani, Manyoni, na jioni tupo Dodoma nimechoka mgongo wote. Nikalala kwa shemeji.

Treni ya SGR ya asubuhi ilikua shilingi 31,000 mpaka Dar. Wanataka ufike mapema sana na kitambulisho, mizigo inapita mashine kama uwanja wa ndege, na mafuta yangu ya alizeti yaliulizwa maswali mengi kabla ya kuruhusiwa. Ilipofika kasi ya 160 kwa saa nikaweka kikombe cha chai kwenye meza nikakitazama, chai haitikisiki. Barabara ya Dodoma kwenda Dar niliwahi kuilia siku nzima na gari la mradi. Sasa nilipita milima ya Kilosa kwenye mahandaki, ndani ya masaa manne hivi nipo Dar kabla jua halijawa kali.

Mama watoto alikua ananisubiri na daftari, kwakweli. Kodi za tiketi, zawadi, moto, njia yote ya kurudi haikufika laki na nusu, jumla tukapata laki nne na themanini, toa faida ya korosho elfu tisini na mbili. Akapiga mstari chini yake, akachukua mafuta kuyapeleka jikoni.

Wiki ya pili injinia akanitumia picha, robota mbili za vitenge sebuleni kwake Nakuru, na ujumbe kwamba mkopo wa sacco ameurudisha kabla haujaanza kula riba. Kazi bado hajapata. Mimi nilifika intavyuu mbili Agosti, moja wamenyamaza, moja tunasubiri.

Kadi yangu imekata tarehe 30 Septemba. Maili zilikua zimebaki 9,400 na mdogo wake mke wangu anajifungua Nairobi mwezi wa kumi na moja. Nimeshakata tiketi, jina lililoandikwa ni la mama Neema, kwenda tu, kurudi atapanda basi la Namanga. Hajawahi kupanda ndege. Jana usiku nimemsikia anamuuliza Neema kama dirishani ni namba gani.