Siku moja maishani mwangu: jiko la mkaa ufukweni Shangani

Saa 2 asubuhi. Kabla ya chai nafunua jiko. Ni la chuma, la duara, mfano wa boya lililokatwa katikati, na asili yake ndiyo hiyo. Mwaka 1952, huko Chicago, George Stephen alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kilichotengeneza maboya. Akachukua nusu ya boya, akaiwekea miguu na kifuniko. Sisi wa Mtwara, watu wa bahari, jiko hili lilitufaa tangu kuzaliwa kwake.

Natoa majivu ya jana. Hapa sina haraka. Mwaka juzi niliyaona yamekuwa meupe na baridi, nikayamwaga kwenye takataka nyuma ya banda. Usiku kusi ikavuma, kaa lililojificha ndani likapata pumzi, na alfajiri makuti ya upande mmoja yalikuwa yanawaka. Tuliyawahi kwa ndoo za maji. Tangu hapo majivu yanaingia kwenye debe la bati lenye kifuniko, yanalala humo siku mbili nzima. Wala siyaachi ndani ya jiko, maana yakishika unyevu wa pwani yanakula chuma.

Saa 4 naenda kuchukua samaki wa kuchoma, changu na kolekole, kwa wavuvi.

Saa 9 alasiri nalisogeza jiko hatua tano kutoka kwenye makuti, kifuniko wazi, matundu ya hewa wazi. Petroli siigusi. Nina kopo kubwa la maziwa nililolitoboa chini: karatasi chini, mkaa juu, baada ya dakika 20 makaa yameshika weupe. Kuna wanaowashia maganda ya korosho kwa sababu huku yamejaa. Jamani, msifanye hivyo. Mafuta yake yanababua ngozi, na moshi wake unakaba koo. Si wa kupitisha kwenye chakula cha mtu.

Saa 12 jioni wateja wamejaa. Makaa nimeyakusanya upande mmoja. Samaki anapata rangi juu ya moto, kisha anahamia upande wa pili kuiva taratibu. Mafuta yakidondoka na ndimi kupanda, simwagii maji. Nafunika na kubana matundu, moto unakosa hewa, unatulia.

Saa 1 usiku manyunyu yakaanza. Kijana wangu akalishika jiko mkono.

“Dada, tuliingize ndani!”

“Haliingii ndani, mdogo wangu. Hata likiwa halina moshi.”

Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya mkaa, haina harufu wala rangi; mtu anaona usingizi tu, haamki. Tukawahamishia wateja barazani, jiko likabaki nje na kifuniko chake.

Saa 4 usiku, wavu wa jiko ungali na moto, nausugua kwa nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma mrefu. Brashi ya waya niliiacha siku nilipokuta sindano yake kwenye mnofu wa changu. Halafu nafunika, naziba matundu ya juu na ya chini. Mkaa uliobaki utazimika wenyewe, na kesho nitauwasha tena.