Leo ndiwo gani?

Jumapili, usiku.

Nimerudi kutoka Kisauni, Mombasa, na daftari limejaa, lakini mti wa ukoo wetu una matawi na shina tu. Mizizi sijaiona.

Hapa Kenya ukitaja walowezi, watu huwaza Wazungu wa bara na mashamba yao. Walowezi wangu walishuka manowari ya Kiingereza bila hata kiatu. Walikuwa wametolewa ndani ya majahazi ya watumwa, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 na soko la Unguja kufungwa. Kurudi kwao haikuwezekana. Waliowauza walikuwa bado njiani. Basi wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, wakanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kuanzia 1875 walowezi wangu wakawa wanaletwa hapo. Mahali pakaitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyetumwa Unguja kumbana Sultani. Majirani wakatuita Wamisheni. Kengele ya enzi hizo ndiyo iliyowapa makondakta wa matatu jina la steji: Kengeleni.

Mjomba ana hadithi yake: babu yetu alibeba maiti ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti. Kila nyumba niliyoingia leo nayo ina babu aliyeibeba. Kama wote wanasema kweli, ile maiti haikuhitaji miguu, ingepitishwa tu mabegani kutoka Chitambo, kijiji alikofia, hadi pwani. Walikuwapo kweli waliofanya kazi ile, na mmoja wao, Matthew Wellington, Myao aliyesomeshwa Nasik kule India, aliishi Mombasa mpaka 1935. Lakini babu yake nyanya, huyu ninayemtafuta mimi, alifika baadaye, mtoto, kwa manowari. Nilimweleza mjomba taratibu. Akaninyamazia, akamimina chai yake peke yake.

Mzee wa kanisa alinionyesha picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Jina la kwanza la Biblia, la pili la Kizungu, na ndilo tunaloandika kwenye vitambulisho hadi leo. Sehemu ya baba: tupu. Ya mama: tupu. Kabila: Mnyasa. Nilifurahi kama dakika mbili hivi. Kisha nikakumbuka kwamba pwani aliyetoka upande wowote wa lile ziwa aliitwa Mnyasa, awe Myao, Mnyanja au Mngoni, mradi amepitia Kilwa. Karani hakuuliza zaidi. Au aliuliza, na mtoto akashindwa kumwelewa.

Ila kuna neno moja. Nyanya, aliyelelewa nyumbani kwa babu yake huyo, hakuwahi kusema kitoweo. Alikuwa akifunua sufuria anauliza, "Leo ndiwo gani?" Tulimcheka. Tulidhani ni lugha ya kubembelezea watoto, na mama alipotulisha mchicha siku tatu mfululizo tulikuwa tunamwigiza nyanya ili tumkere. Mwaka jana kazini Nairobi, mwenzangu mmoja wa Blantyre alitazama sahani ya ugali mtupu iliyoletwa mbele yake, akauliza ndiwo iko wapi. Kijiko kilinianguka. Alinieleza kwamba kwao Malawi, kwa Kichewa, ndivyo wanavyoita chochote kinacholiwa na nsima: samaki, maharage, majani.

Najua neno halitoshi. Kichewa na Kinyanja ni lugha moja, wasemaji wake wametapakaa Malawi, Zambia na Msumbiji, na huenda mtoto yule alilidaka njiani, kwa mfungwa mwenzake. Hata hivyo naliamini kuliko ile sehemu ya kabila. Karani aliandika alichosikia mara moja. Mtoto yule alikuwa akiulizia ndiwo kila jioni, kwa miaka na miaka, mpaka mjukuu akalishika.

Kwa hiyo usiku huu, juu kabisa ya mti, nimeacha mstari mtupu kwa jina alilopewa na mama yake. Chini yake nimeandika: "Kitoweo alikiita ndiwo."

Mjomba amepiga simu sasa hivi. Anataka kujua Livingstone nimemweka tawi gani.