Mrithi wa Barua Pepe Atawapata Wapi Watumiaji?

Wanaobuni mbadala wa barua pepe ulio salama na usiotegemea kampuni moja husahau kwamba barua pepe yenyewe haikuwahi kuwa na mwenyewe. Itifaki ya SMTP, yaani kanuni za kupeleka barua kutoka seva moja hadi nyingine, iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, humruhusu yeyote mwenye seva kutuma na kupokea barua bila kuomba idhini. Kilichokosekana ni usiri; na siku hizi hata uhuru huo umepungua, kwa sababu barua zinazotoka kwenye seva ndogo ya mtu binafsi hutupwa kwa urahisi miongoni mwa barua taka na kampuni chache kubwa zinazotunza masanduku ya watu wengi.

Hisabati ya kuficha ujumbe tunayo tangu zamani. Phil Zimmermann alitoa PGP, programu ya kuficha barua pepe, mwaka 1991. Hata hivyo, mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 dakika 90 za kuitumia, na ni thuluthi moja tu waliofanikiwa kusaini na kusimba ujumbe (kuufanya usomeke na mlengwa pekee) ipasavyo, ilhali watatu waliutuma ukiwa wazi pasipo kukusudia.

Bitmessage, programu ya kutumiana ujumbe iliyotolewa na Jonathan Warren mwaka 2012, ilithubutu zaidi. Humo kila ujumbe husambazwa kwa kompyuta zote za mtandao, na kila kompyuta hujaribu kuufungua kwa ufunguo wake, hivyo anayechungulia hawezi kujua umekusudiwa nani. Tena kabla ya kutuma, kompyuta hulazimika kufanya hesabu nzito ili anayemwaga matangazo aone gharama. Ninavutiwa na ubunifu huo hadi leo. Lakini anwani yake ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ambao huwezi kumtajia mtu kwa simu, na ukishaipata, utamwandikia nani? Benki hawamo, shule hawamo, wala mjomba hayumo.

Ndiyo maana ninaona Delta Chat, programu nyingine ya ujumbe, imeanzia mahali panapofaa. Ilijengwa juu ya seva zilezile za barua pepe, na kwa utaratibu wa Autocrypt ufunguo wa umma, ule ambao wengine huutumia kukusimbia ujumbe, husafiri ndani ya ujumbe wenyewe, kiasi kwamba mtumiaji wa kwanza aliweza kuwaandikia watu ambao hawajawahi kuisikia. Gharama yake ipo: mtu akianza kumwandikia mwenzake kwa njia hiyo kabla hajapata ufunguo wa mwenzake, ujumbe wa kwanza huenda wazi, na seva bado inaona nani amemwandikia nani. Wapenda usiri kamili hulikataa hilo. Mimi nalikubali, mradi programu imwoneshe mtumiaji waziwazi ni ujumbe upi uliosimbwa na upi haukusimbwa.

Linalonisumbua zaidi ni simu inayoibwa pamoja na ufunguo wa siri wa kufungulia ujumbe, kwa kuwa katika mfumo usio na ofisi hakuna wa kumwomba nywila mpya. Nakala ya akiba ya ufunguo huo inapaswa kuandaliwa siku ya kwanza, kabla mtu hajatuma chochote.