Ndege ya Bukoba na lile neno "kiuendeshaji"

Meseji iliingia saa tisa na dakika kumi alasiri, tukiwa tumeshakaa pale uwanja wa ndege wa Mwanza zaidi ya saa nzima. Ndugu abiria, tunasikitika kukujulisha kuwa safari yako imefutwa kutokana na sababu za kiuendeshaji, samahani kwa usumbufu. Basi. Hakuna saa ya ndege nyingine, hakuna namba ya kupiga, hakuna hata jina la mtu. Mama akauliza wamesemaje, nikamsomea, akatulia kidogo halafu akauliza, "Kiuendeshaji ndo nini?" Nikakosa jibu. Nililigeuza lile neno huku na huku sikuona limebeba nini ndani.

Hiyo ilikuwa Septemba 2025, nilikuwa namrudisha mama nyumbani Bukoba baada ya kliniki yake ya sukari Muhimbili. Tiketi yetu ilikuwa Dar, Mwanza, Bukoba. Kipande cha kwanza kilienda vizuri tu, mama alikunywa juisi yake akasinzia. Shirika silitaji manake sijaja hapa kugombana na mtu, na kwakweli nimeshapanda karibu yote yanayoruka humu ndani na hadithi zinafanana.

Sasa pale nje kulikuwa na kijana wa mizigo, nikamvuta pembeni nikamuuliza mdogo wangu hii ndege vipi, akaangalia kulia na kushoto kama ananiuzia kitu cha wizi, akasema dada, Bukoba kumefunga, wingu limelala juu ya ziwa tangu saa saba. Nikarudi kwa mama nikamwambia ni mvua. Unajua alifanyaje? Alishusha pumzi, akasema "Si wangesema tu! Mvua ningewapigia makofi."

Na inabidi umwelewe. Ule uwanja wa Bukoba umekaa ufukweni kabisa, ndege zinazotua pale ni hizi za pangaboi na zinaweza kuja kutua zikitokea juu ya maji. Tarehe 6 Novemba 2022 asubuhi ndege iliyotoka Dar ilikuja kutua pale katika hali mbaya ya hewa ikaishia ziwani, ikiwa na watu 43, wakafa 19, na wa kwanza kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mama alikuwa kwake siku ile, amesikia mambo kwa majirani waliokimbilia ufukweni, na tangu hapo kila akipanda ndege anamwombea rubani kwa sauti, yaani kwa sauti kabisa, mimi naona aibu yeye haoni. Kwa hiyo rubani akisema leo siendi kuna wingu, kwa mama huyo ni mtu wa kuletewa ndizi.

Wikiendi ileile ya ajali, siku moja tu kabla, marubani wa Kenya Airways walikuwa wameanza mgomo na maelfu ya abiria wakakwama Nairobi na kwingineko. Nimekuja kuiwaza ile wikiendi mara nyingi. Huku watu wanalia ndege haikuruka, huku watu wanalia ndege iliruka. Ndo maana mtu akiniambia ndege imefutwa kitu cha kwanza nataka kujua ni kwa nini, na nikishajua kwa nini ndo najua kama nikasirike au nishukuru, na pia najua nifanye nini. Kama ni wingu nitalala hapa, kesho litaondoka. Kama ndege imeharibika, spea inaweza kutoka Dar au inaweza kutoka Ulaya, hiyo siyo ya kesho. Kama ni mgomo natafuta basi sasa hivi kabla wenzangu hawajastuka.

Haya, tukaenda kaunta kama watu thelathini hivi. Dada wa kaunta masikini alikuwa peke yake, na yeye nadhani alikuwa anajua kiasi kilekile tulichokuwa tunajua sisi. Mtu mmoja akauliza, tunalala wapi? Hapo ndipo nilipopata elimu ya bure. Dada akasoma kwenye kompyuta akasema, jamani hii ni hali ya hewa, iko nje ya uwezo wetu, kampuni haigharamii hoteli.

Umeona? Kwenye meseji ilikuwa kiuendeshaji. Tulipotaja hoteli ikageuka mvua.

Nina binamu yangu Hamburg, nilimpigia usiku ule kumlalamikia tu, akacheka kwanza (anacheka kila kitu huyo) halafu akanieleza ya kwao. Umoja wa Ulaya wana sheria yao ya mwaka 2004, namba 261, ukifutiwa safari bila kuambiwa siku 14 kabla unaweza kudai fidia ya yuro 250, 400 au 600 kutegemea umbali. Shirika linaponyoka fidia kama sababu ni kitu kisichozuilika, hali ya hewa ikiwemo. Lakini chakula na hoteli haliponyoki. Lile jivu la volkano ya Iceland la mwaka 2010 lilifunga anga ya Ulaya siku kadhaa, abiria mmoja akaenda mahakamani kudai gharama zake za kula na kulala, na mwaka 2013 mahakama yao kuu ikasema hata volkano haimwondolei shirika jukumu la kumtunza abiria wake. Volkano jamani! Mimi nimeshindwa kupewa chapati kwa ajili ya wingu.

Na hiyo sheria inawagusa na watu wetu, wengi hawajui. Ukiondokea uwanja wa kule Ulaya unalindwa hata kama ndege ni ya shirika la Afrika au la Ghuba. Ukiondokea Dar kwenda kule, unalindwa kama shirika ni la kwao. Ukiondokea Dar na shirika lisilo la kwao, hapo sheria hiyo haikujui. Binamu alishalipwa yuro 600 namna hiyo akarudi kuniringia wiki nzima. Kwa safari za kimataifa kuna pia Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania na Kenya zote zimo, unampa abiria haki ya kudai hasara iliyotokana na kucheleweshwa, ila shirika likithibitisha lilifanya kila lililowezekana linapona. Mwanza kwenda Bukoba siyo kimataifa, kwa hiyo tuendelee na stori.

Shida yangu kubwa usiku ule haikuwa kitanda. Mama alikuwa amebeba insulini ya miezi mitatu kwenye kile kiboksi cha kubebea dawa, na barafu tuliyoweka Dar alfajiri ilishakuwa maji. Chupa anayoitumia haina shida, hiyo inavumilia, ila zile ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa friji. Tukapata gesti Pasiansi, safi tu, elfu thelathini na tano, lakini friji hakuna. Nikatoka na kile kiboksi usiku nikizunguka kama mtu anayeuza ice cream, mpaka nikakuta duka la mama mmoja ana friji la soda. Nikamweleza. Akafungua, akasogeza Mirinda na maji, akaniwekea dawa shelfu ya chini mbali na ile sehemu inayogandisha, akaniambia "asubuhi nafungua saa kumi na mbili, usichelewe manake wanangu wanagusagusa kila kitu." Nikataka kumpa hela akakataa, nikanunua soda mbili ambazo sikuwa na kiu nazo.

Kulikuwa na watu walioamua kwenda bandarini, bahati ilikuwa zamu ya meli, ile MV Victoria iliyokarabatiwa, inaondoka Mwanza usiku asubuhi uko Bukoba. Nilimwambia mama twende. Akaniangalia tu. Nilijua kosa langu kabla sijamaliza sentensi. Mei 21 mwaka 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, wakafa mamia ya watu, na kwa watu wa umri wa mama kule Kagera huwezi kukuta nyumba ambayo haina jina la kutaja. Rafiki yake wa shule alikuwa mle. Hajapanda meli tena mpaka leo. Kwa hiyo ukimwambia abiria "tafuta usafiri mbadala", kumbuka kwamba huyu mbadala wake mmoja umezama na mwingine umeanguka.

Tukalala. Asubuhi anga jeupe, jua kali, mama kavaa kitenge chake cha safari, tumechukua dawa dukani, tumefika uwanjani saa mbili kasoro. Saa tatu na robo meseji. Imefutwa. Sababu za kiuendeshaji.

Leo mvua hakuna, sasa ni nini? Hakuna aliyesema. Baadaye jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi uwanjani akanifungua macho, akasema ndege moja haina safari moja. Inaamka Dar, inakuja Mwanza, inaenda Bukoba, inarudi, mchana inapangiwa mkoa mwingine kabisa. Ikikwama jana jioni sehemu moja, leo asubuhi haipo inapotakiwa kuwepo, na rubani naye ana masaa yake ya kazi kisheria, akiyamaliza anashuka hata kama abiria mmeshafunga mikanda. Kwa hiyo wingu la jana linaweza kukufutia safari ya leo wakati jua linawaka. Halafu kuna ile ambayo hawatakwambia, ndege mbili zote nusu tupu zinaunganishwa iwe moja, wale wa ndege iliyofutwa wanabaki na "kiuendeshaji" yao mkononi.

Na siyo kwamba kusema ukweli kunaua biashara. Mwaka 2022 Air Tanzania walipolazimika kuziweka chini baadhi ya Airbus A220 zao walitoka hadharani wakasema tatizo ni injini za Pratt & Whitney, tatizo ambalo mashirika mengine duniani yenye injini hizo yalikuwa nalo. Watu walilalamika ratiba ilivyovurugika, ndiyo, ila mtu alijua anasubiri nini.

Tukaamua barabara. Watu sita tukachanga tukakodi Noah, laki tano na nusu, na katika hao sita kulikuwa na mzee mmoja wa kama miaka hamsini na tano hivi, suti nyeusi, begi dogo, hakuongea kitu toka jana. Kumbe anaenda Muleba kumzika kaka yake. Mazishi yalipangwa jana saa tisa, wakasogeza mpaka leo saa saba mchana kwa ajili yake yeye. Tumefika daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, zamani hapo ni kivuko na foleni unaweza kupoteza masaa mawili, siku hizi dakika nne tano umeshavuka, dereva anajisifia kama kalijenga yeye, na sisi tukaanza kupiga hesabu kama mzee atawahi. Sengerema, Geita, Katoro. Saa sita na nusu bado hatujafika hata Biharamulo. Simu yake ikaita. Akasikiliza muda mrefu, akasema Kihaya maneno machache, halafu akasema kwa Kiswahili, sijui kwa nini alibadili, labda aliyekuwa anaongea naye ni mchungaji, "Msinisubiri. Zikeni."

Kwenye gari hakuna aliyeongea. Mama alimshika mkono akamwambia pole baba, akaendelea kuushika mpaka msitu wa Biharamulo ulipoisha. Tulipofika Muleba tulimshusha barabarani, kuna kijana alikuwa anamsubiri na pikipiki, saa tisa na nusu.

Hiyo ndo inayonisumbua kwenye fomu zao za malalamiko. Zina kisanduku cha namba ya tiketi na kisanduku cha kiasi unachodai. Nilijaza yangu, hela ya kipande cha Mwanza–Bukoba watu wawili, gesti, mchango wa Noah. Baada ya wiki saba wakarudisha nauli ya kile kipande, pungufu ya kitu walichokiita makato ya huduma. Huduma ipi sijui. Gesti na Noah hapana, wakaandika eti ilikuwa hali ya hewa. Nikawajibu nikawaambatanishia meseji zao mbili zinazosema kiuendeshaji, na picha niliyopiga saa tatu asubuhi pale uwanjani jua linawaka kichwani kwa mama. Mpaka leo kimya. Kwa hiyo nimepeleka barua Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, nakala nikawapa lile Baraza la Ushauri la Watumiaji, kwa hiyo kama na wewe una kesi yako anza kuandika kwa shirika lenyewe kwanza, tunza meseji, tunza risiti hata ya maji, halafu ndo upande juu.

Kliniki ya mama imepangwa tena mwezi wa tatu. Juzi nimempigia nikamwambia nataka kukata tiketi mapema bei isipande, nikadhani atasema anataka basi. "Kata tu," akasema. "Ila uwaulize kiuendeshaji huwa inaanzaga saa ngapi, nijue nibebe barafu kiasi gani."