Karantini ya barua pepe za chuo
Jamani wanachuo wenzangu, huwa mnafungua ile karantini ya barua pepe, pale mfumo unapozuia barua unazozitilia shaka? Leo nipo kwenye daladala ya Mbezi, foleni haisogei, nikaichungulia. Mule ndani: mikopo ya chapchap, "sanduku lako limejaa, weka nywila hapa", urithi wa mjane sijui wa wapi… na katikati yao jibu la jarida nililopelekea makala, limetulia tu! Nikabonyeza kuachilia, likatua kikashani. Ila kuachilia barua moja hakumfungulii mtumaji njia; mwongeze kwenye orodha ya wanaoaminika, la sivyo ijayo nayo inaweza kudakwa. Ile ya nywila msiiguse: jina "Kitengo cha TEHAMA", anuani yenyewe hata .ac.tz, ule mwisho wa anuani za vyuo vya Tanzania, haina. Wahini, zikikaa sana zinafutwa zenyewe.