Nilivyoandika wasifu wa marehemu mwalimu na mzee wa kanisa

Wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na ndiyo maana nyingi zinafanana. Alikuwa mpole, mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu. Maneno hayo yangemfaa mtu yeyote anayezikwa huku Machame, Kilimanjaro, mwaka huu. Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika wasifu wa mwalimu mstaafu wa usharika wetu, mzee wa kanisa kwa miaka mingi na baba wa watoto saba, niliweka sharti moja: hakuna sifa itakayoingia bila tendo linaloibeba. Ninaeleza hapa nilivyofanya, maana watu wa kamati za mazishi huniuliza.

Nilianza na makaratasi kabla ya watu. Wafiwa wamechoka, wageni wanaingia na kutoka, na kila anayeulizwa hujibu kwa haraka. Karatasi hazichoki. Niliomba Biblia ya familia, vyeti vya kanisa, barua za kazi, na daftari lolote aliloandika kwa mkono wake. Walimu wa rika lake hawakutupa karatasi. Zote zilikuwa kwenye sanduku la bati, barua za uhamisho zimefungwa kwa uzi kwa kufuata miaka.

Tatizo la kwanza lilikuwa tarehe ya kuzaliwa, na ndilo tatizo la kwanza karibu kila mara kwa waliozaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Familia ilisema 25 Desemba 1938. Barua ya kustaafu ilisema 1 Julai 1938. Ukikutana na tarehe 1 Julai kwenye barua za serikali, ishuku. Mara nyingi maana yake ni kwamba mwaka tu ndio uliojulikana, karani akajaza. Nilikwenda kwenye rejista ya zamani ya ubatizo. Wamisionari wa Leipzig waliandika kwa Kijerumani, na mbele ya tarehe huweka vifupisho viwili vinavyopotosha watu kila siku: "geb." ni kuzaliwa, "get." ni kubatizwa. Mwandiko ule umelala sana, herufi b na t hukaribia kufanana. Hapo ilionekana wazi: amezaliwa 14 Novemba 1938, amebatizwa Krismasi. Familia ilikuwa imeshika siku ya ubatizo.

Hili si jambo dogo. Alifariki mwezi Agosti. Kwa tarehe ya serikali umri unazidi mwaka mmoja kuliko kwa tarehe ya rejista, na umri ndio unaochorwa msalabani. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa imalizwe kabla fundi wa msalaba hajapewa maandishi. Tulikubaliana na familia wasifu na msalaba vifuate rejista, na kwenye maombi ya cheti cha kifo kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wafuate tarehe iliyo kwenye nyaraka zake za serikali, ili mafao na mirathi visikwame.

Biblia ya familia ilinipa tarehe za watoto. Kurasa tupu za mwanzo ndizo watu waliandika uzazi, ubatizo na vifo. Angalia wino. Kwenye Biblia hii kila mtoto ameandikwa kwa kalamu yake: wino wa bluu wa kuchovya, kisha kalamu ya biki, penseli mara moja, na mstari wa tano umefutika nusu kwa unyevu. Huo ndio ushahidi kwamba aliandika papo hapo, kila tukio kwa wakati wake. Ukikuta tarehe zote za miaka ishirini kwa wino mmoja na mkono mmoja, zimenakiliwa baadaye kutoka kichwani, basi zihakiki kwa vyeti.

Tarehe ya ndoa haikuwa imeandikwa popote pale nyumbani. Hapa nilimgeukia mjane, na swali langu halikuwa "mlifunga ndoa lini?" Wazee wengi hawabebi tarehe, wanabeba matukio. "Mama, ilikuwa kabla ya Azimio au baada?" Akajibu bila kufikiri: "Mwaka ule ule wa Azimio, mwanangu, wiki ya pili baada ya Pasaka. Wakati wa Kwaresma mchungaji asingetufungisha." Azimio la Arusha ni 5 Februari 1967, Pasaka ya mwaka huo ilikuwa 26 Machi, harusi huwa Jumamosi, kwa hiyo 8 Aprili 1967. Rejista ya ndoa ilifunguliwa ukurasa wa Aprili moja kwa moja, na ikawa hivyo. Ni vizuri kuwa na orodha ya matukio ya namna hiyo mfukoni: Uhuru 1961, kubadilishwa kwa fedha 1966, Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, kifo cha Sokoine Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, kifo cha Mwalimu Nyerere 14 Oktoba 1999. Kwa mzee yeyote wa Tanzania utapata nanga.

Kwenye ajira, kosa linalorudiwa ni kuandika "aliajiriwa na serikali" kwa mwalimu aliyeanza miaka ya hamsini. Huyu alimaliza darasa la nane, akasoma ualimu, na barua yake ya kwanza ya kazi ina nembo ya misheni. Shule nyingi za huku zilikuwa za misheni mpaka serikali ilipozitwaa kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Vivyo hivyo usiandike kwamba alibatizwa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mwaka 1938, kwa sababu KKKT iliundwa Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri. Andika "alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri", inatosha, na hakuna mzee atakayenong'ona.

Uhamisho wake ulikuwa na shule tisa. Wasifu mwingi hufia hapa, kwa msomaji kutaja shule moja baada ya nyingine huku watu wakitazama saa. Nilitaja ya kwanza, ile aliyokaa muda mrefu zaidi akiwa mwalimu mkuu, na ya mwisho kabla ya kustaafu 1993. Nyingine sita zikawa "shule nyingine sita za Hai na Moshi Vijijini". Nafasi niliyookoa niliitumia kwa miaka ya sabini, kwa sababu ndipo ualimu wake ulipoonekana kwa ukubwa wake.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwalimu wa msingi alifundisha watoto asubuhi, na jioni akasimama mbele ya mama zao kwenye kisomo. Baadaye, baada ya Azimio la Musoma la 1974, ikaja UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mwalimu mkuu akapewa vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe huku wakijifunza ualimu, yeye ndiye mlezi wao. Baadhi ya hao bado wapo. Wana-kisomo wake ni bibi wa miaka themanini na kitu, wengi wanaishi umbali wa kutembea, na hakuna anayekumbuka kuwauliza. Kamati hukimbilia wanafunzi waliopata vyeo.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua utapata nini. Ukiuliza "Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa mpole, mcheshi. Niliuliza: alikuwa anaingiaje darasani? Akikuta umechelewa alisema nini? Ubaoni alianza kuandika upande gani? Bibi mmoja alinionyesha cheti chake cha kisomo cha Hatua ya Tatu, kimekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Alisema Mwalimu hakuwafundisha kwanza a, e, i, o, u. Aliandika jina la kila mmoja ubaoni, akawaambia walichore mpaka walijue, kwa sababu wakati huo walikuwa wakitia dole gumba kwenye vitabu vya chama cha msingi walipopeleka kahawa. Sentensi hiyo iliingia kwenye wasifu kama ilivyo. Neno "mwadilifu" halikuhitajika.

Imani yake niliiandika kwa njia hiyo hiyo. Mchungaji anahitaji mambo manne bila kukosa: ubatizo, kipaimara, ndoa, na mara ya mwisho kushiriki Meza ya Bwana. Hayo ni ya rejista. Yaliyobaki niliyapata kwa wanakwaya: kwamba alifundisha sauti nne kwa do-re-mi ubaoni, besi kwanza ili wasikimbie, na kwamba hakuruhusu wimbo uimbwe Jumapili kama maneno yake hayajasomwa na kueleweka Alhamisi. Mwalimu na mzee wa kanisa walikuwa mtu mmoja. Ukiwagawa kwenye aya mbili zisizojuana, unapoteza habari yenyewe. Niliweka kwaya na darasa kwenye aya moja.

Sehemu ya familia ndiyo ngumu kuliko zote, nami huiandika mwisho. Kwenye sanduku lile kulikuwa na kauntabuku la ada. Limechorwa safu kwa rula: jina, shule, kiasi, na neno "imelipwa" likiwa na tarehe. Majina ni kumi na moja, naye alizaa saba. Wanne ni watoto wa ndugu. Kurasa nyingine hazina mwaka, lakini pembeni ameandika "malipo ya pili KNCU", yaani chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro, na vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976 vikarudishwa miaka ya themanini, kwa hiyo unajua kurasa hizo haziangukii katikati. Daftari hilo linasema kuhusu baba huyu kuliko aya tatu za sifa. Hata hivyo sikuwataja wale wanne kabla ya kumpigia simu kila mmoja. Watatu walikubali, mmoja aliomba asitajwe, nikaandika "na watoto wengine wa ukoo". Msiba si mahali pa kumtangazia mtu kwamba alisomeshwa na baba mdogo.

Idadi ya watoto ipitishwe kwenye kikao cha familia, mbele ya mzee wa ukoo, kwa sauti, jina kwa jina. Waliotangulia mbele za haki wahesabiwe na isemwe hivyo: "walijaliwa watoto saba, wawili wametangulia". Kama yupo mtoto wa nje ya ndoa, si kazi ya mwandishi kuamua aingie au asiingie. Ni kazi yake kuuliza kabla ya kuchapa. Wasifu si hati ya kisheria, lakini nimeona karatasi hiyo ikinukuliwa kwenye ugomvi wa mirathi miaka baadaye. Kuhusu ugonjwa, "aliugua kwa muda" inatosha, isipokuwa familia ikitaka zaidi. Shukrani kwa madaktari na majirani ziende kwenye karatasi ya msemaji wa familia, zisirundikwe humu.

Urefu: kwenye kipaza sauti, kwa mwendo wa msibani, mtu husoma maneno kama 100 kwa dakika. Nililenga maneno 600, dakika sita. Nilichapa kwa herufi za ukubwa wa 16, karatasi upande mmoja, kila aya ikiishia kwenye ukurasa wake, kwa sababu upepo ukigeuza karatasi katikati ya sentensi msomaji hupotea. Msomaji asiwe mtoto wa marehemu. Tulimchagua mkwe, akasoma mara mbili kwa sauti jioni, nasi tukasahihisha majina aliyoyakwaa.

Kijitabu cha ratiba ni A4 iliyokunjwa kati, hivyo kurasa ziwe 4, 8 au 12. Ukileta sita, mwenye steshenari atakuachia mbili tupu. Picha itolewe kwenye fremu, kioo huacha mng'ao, iskaniwe kwa ubora wa dpi 300. Ikibidi kutumwa kwa WhatsApp itumwe kama dokumenti, la sivyo inabanwa na uso unatoka na ukungu.

Baada ya mazishi nilisahihisha jina moja la kitukuu, nikachapa nakala tatu safi: moja kwa mjane, moja ofisi ya usharika, moja kwa mwalimu mkuu wa shule aliyokaa muda mrefu. Pamoja na kila nakala niliambatanisha picha ya ukurasa wa Biblia na ya rejista, ili atakayeuliza tarehe zimetoka wapi asianze upya.